Chingulia wa Mombasa: Msaliti au Mkombozi?

Kuna habari mbili zinazosimuliwa juu ya kisiwa cha Mombasa na vita vyake na Wareno. Ya kwanza husimuliwa na baadhi yetu Wakristu. Ya pili husimuliwa na wale wapendao kunena juu ya uhuru. Habari hizi zinapigana kama majogoo wawili katika ua mmoja. Sisi leo twasema bila kuficha: kila moja ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ikisemwa kana kwamba ni nzima, huua kama uongo.

Habari ya kwanza ni hii. Palikuwa na mtoto wa Sultani. Akalelewa na watawa, akabatizwa, akapewa ufalme. Kisha akawageukia waliomlea, akawachinja Wakristu mwaka 1631. Ni Yuda wa pili, imekwisha.

Habari ya pili ni hii. Palikuwa na mwana wa nchi aliyenyang'anywa baba yake na kisiwa chake. Akavumilia, akangoja siku yake, akainuka akawafukuza wageni. Ni shujaa wa uhuru. Na wale waliokufa? Ati walikuwa wageni na vibaraka wao. Imekwisha.

Mtu mmoja, hukumu mbili. Jina lake Yusuf bin Hasan. Jina lake la ubatizo Dom Jerónimo, na watu humwita Chingulia.

Msomaji wa Pepa ataweza kutuuliza: Sisi tu watu wa milima ya Marungu, wenye ng'ombe na mashamba ya maharagi, Mombasa iko mbali, kwenye bahari ya chumvi. Yatuhusu nini? Ndugu, yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, lugha hii unayoisoma ilitoka pwani ile ikaja kwetu na misafara. Ilikuja na maneno mazuri, ilikuja pia na minyororo. Pili, yaliyotendeka Mombasa yalitendeka kwetu pia, karibu sana na nyumba zetu, kama tutakavyoonyesha. Asiyetaka kuusikia ugonjwa wa jirani hataujua wake.

Basi tuanze na mwanzo.

Wareno walifika Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498 na Vasco da Gama. Hawakupatana na wenyeji. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na merikebu zake, baada ya kuipiga Kilwa. Akauteka mji wa Mombasa, akauteketeza kwa moto na kuupora. Mwaka 1528 akaja Nuno da Cunha, naye akautwaa mji tena. Mara hizo zote watu wa kisiwa walipigana: walipiga mishale kutoka juu ya nyumba, walipiga mizinga michache waliyokuwa nayo, wakakimbilia bara, kisha wakarudi kujenga kuta zao juu ya majivu.

Halafu akaja Mturuki mmoja, Amir Ali Bey, aliyewaahidi watu wa pwani kuwaondolea Wareno. Watu wa Mombasa wakampokea kwa furaha. Mwaka 1589 merikebu za Wareno zikatoka Goa, mji wao mkuu kule Bara Hindi, zikaziteka merikebu za Waturuki mbele ya kisiwa. Wakati uleule jeshi la Wazimba lilikuwa limefika bara, likingoja kuvuka. Likavuka. Watu wa Mombasa walikuwa na adui baharini na adui nchi kavu, na rafiki yao Mturuki hakuweza kujiokoa hata yeye mwenyewe. Wengi walikufa mikononi mwa Wazimba, wengine walikufa maji wakizikimbilia merikebu za Wareno.

Ndipo Wareno walipoamua kukaa kabisa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome kubwa juu ya mwamba, kwenye mlango wa bandari. Aliyeichora ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ngome wakaiita kwa jina la Bwana Wetu: Ngome ya Yesu.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo, wapenzi wasomaji. Jina la Mwokozi liliandikwa juu ya mizinga. Ndani ya kuta zile palikuwa na kanisa dogo. Palikuwa pia na ghala ya baruti, na askari wa kulinda ushuru wa bandari. Mtu wa Mombasa aliyelipa ushuru kwa kulazimishwa, alilipa chini ya jina la Yesu. Aliyefungwa, alifungwa ndani ya Yesu. Je, mtu huyo angejifunzaje kulipenda jina hilo? Hatusemi watawa wote walikuwa wabaya. Watawa wa Mtakatifu Augustino walifika Mombasa mwaka 1597, wakafundisha, wakabatiza, wakazika wafu. Lakini mhubiri akipanda mbegu kwa mkono wa kuume, na kapiteni wa ngome akazing'oa kwa mkono wa kushoto, shamba hilo litazaa nini?

Na kweli makapiteni waling'oa. Wareno walimweka Mombasa Sultani wa Malindi, rafiki yao wa tangu zamani. Mmoja wa nyumba hiyo alikuwa Sultani Hasan bin Ahmad. Alikuwa rafiki, si adui. Lakini makapiteni walikaa miaka michache tu, kila mmoja akiifikiria faida yake kabla ya kuondoka. Wakagombana na Sultani juu ya biashara na haki zake. Akateswa, akakimbilia bara. Mwaka 1614 watu wa bara waliolipwa na Wareno wakamwua. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Goa.

Mwanawe Yusuf alikuwa mtoto mdogo. Naye alipelekwa Goa, kule kule kilikopelekwa kichwa cha baba yake. Huko watawa walimlea, wakamfundisha, wakambatiza. Akaoa mke Mkristu. Akatumika katika merikebu za Wareno, akajua kazi ya mizinga. Baadaye wakamrudisha Mombasa akiwa mfalme Mkristu, akamwandikia Baba Mtakatifu barua ya utii.

Sasa tuwaulize wale wasemao «Yuda, imekwisha»: Je, Yuda alikatiwa kichwa cha baba yake? Bwana Wetu alimtendea Yuda neno gani baya? Hakuna. Lakini Chingulia alirudi kisiwani akakuta kapiteni mwingine, Pedro Leitão de Gamboa, aliyemdharau. Mfalme alivishwa taji, lakini mwenye amri alikuwa mwingine. Wakamwona akienda usiku kwenye kaburi la baba yake, akisali kama Waislamu wasalivyo. Mtu akapeleka habari ngomeni. Kapiteni akataka kumkamata ampeleke Goa. Goa tena! Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Chingulia aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba anakwenda kumsalimu kapiteni. Akamchoma kwa kisu. Ngome ikatwaliwa usiku ule.

Kama habari ingekomea hapo, wasomaji, tungekuwa na neno jingine la kusema leo. Mtu aliyeonewa alimpiga aliyemwonea; wanachuoni wa sheria na wa dini wangeweza kujadiliana. Lakini haikukomea hapo. Siku zilizofuata wakakamatwa Wakristu wote wa mjini: Wareno na watu wa pwani waliobatizwa, mapadri na walei, wazima na wagonjwa. Hawakuwa na silaha. Wengine walikuwa wamekimbilia katika nyumba ya watawa. Wakaambiwa wachague: wamkane Kristu, au wafe. Nao wakafa, wengi wao Waafrika wenye ngozi kama yetu. Kati yao alikuwamo Dom António, ndugu wa ukoo wa Chingulia mwenyewe, mtoto wa nyumba ileile ya Malindi. Kwake palikuwa na njia nyepesi ya kuishi. Alikataa.

Sasa tuwaulize wale wengine, wasemao «shujaa, imekwisha»: Dom António alikuwa kibaraka wa nani? Kapiteni alikuwa amekwisha kufa. Bendera ya Ureno ilikuwa imeshushwa. Mizinga yote ilikuwa mikononi mwa mfalme. Hakuna Mreno aliyebaki wa kumlipa, wala wa kumtisha, wala wa kumsifu. Kibaraka huangalia nani ana nguvu leo, akamfuata huyo. Watu hawa walifanya kinyume: mwenye nguvu alisimama mbele yao, wakasema hapana. Kama wangekuwa Wakristu kwa ajili ya bendera, wangeiacha imani siku bendera ilipoanguka. Wao hawakuiacha. Basi imani yao ilikuwa yao wenyewe, wala haikuwa ya Mreno.

Hiyo ndiyo kweli inayozichoma habari zote mbili. Inamchoma Mkristu anayefikiri kwamba Kanisa na ngome vilikuwa kitu kimoja. Maana Kanisa lilionekana wazi kuliko siku zote pale ngome ilipoanguka. Nayo inamchoma mpenda uhuru anayefikiri kwamba kila aliyebatizwa alijiuza. Ushahidi wa vifo hivyo ulikusanywa kwa viapo huko Goa, ili mashahidi wale watangazwe. Karne karibu nne zimepita, wala hawajatangazwa wenyeheri. Labda mojawapo ya sababu za kusahauliwa kwao ni sisi wenyewe: hatukujua namna ya kuwasifu bila kumsifu kapiteni pia.

Mwisho wa vita vya Chingulia ulikuwaje? Mwezi wa Januari 1632 Wareno walikuja kutoka Goa na merikebu nyingi, mkubwa wao Francisco de Moura. Walipiga kisiwa kwa bahari na kwa nchi kavu zaidi ya miezi miwili. Chingulia aliwajibu kwa mizinga yao wenyewe na kwa ufundi waliomfundisha wenyewe. Mwezi wa Machi wakashindwa, wakarudi. Ni ushindi mkubwa, nani atakataa? Lakini angalia miezi miwili baadaye, Mei 1632: Chingulia akaibomoa ngome, akapanda merikebu aliyoiteka, akaondoka zake. Akawa mnyang'anyi wa baharini, akafa miaka michache baadaye katika Bahari ya Shamu.

Yeye aliondoka, watu wa pwani wakabaki. Agosti 1632 Wareno wakarudi kukaa. Kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27, alichongesha maneno juu ya mlango, nayo yasomeka mpaka leo. Anajisifu kwamba aliwatiisha wafalme wa pwani wakalipa kodi, alibomoa kuta za Pate na Siyu, aliwaadhibu watu wa bara, na kule Pemba aliwaua wakubwa wa nchi. Hayo yameandikwa juu ya mlango wa Ngome ya Yesu! Ndugu Mkristu, ukipita chini ya mlango ule, usijivune. Inamisha kichwa.

Basi watu wa Mombasa wakamtafuta mkombozi mwingine. Mwarabu wa Omani alikuwa amewafukuza Wareno mjini Maskati mwaka 1650. Watu wa pwani wakamwita. Mwezi wa Machi 1696 jeshi la Imamu Saif bin Sultan likaizingira Ngome ya Yesu. Mazingira hayo yaliendelea miezi 33. Njaa na tauni viliua ndani kuliko risasi. Mwezi wa Oktoba 1697 merikebu ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome; miaka 280 baadaye, tangu 1977, wapiga mbizi walianza kuitoa vyombo vyake chini ya maji. Tarehe 13 Desemba 1698 ngome ikatekwa, na ndani walikuwa wamebaki watu wachache tu.

Na nani walioilinda ngome muda wote huo? Wareno walikuwa wachache tangu mwanzo. Wengi walikuwa watu wa pwani, wanaume na wanawake. Katika mwaka 1697, wakubwa wa Kireno walipokwisha kufa kwa tauni, ngome ilishikwa kwa wiki kadhaa na Bwana Daud wa Faza, Mwislamu na mtoto wa watawala wa pwani, mpaka msaada ulipofika. Wasemao kwamba vita vya Mombasa vilikuwa vita vya Msalaba na Hilali, watuambie Bwana Daud alikuwa upande gani. Ukweli ni kwamba kila mmoja alimchagua bwana aliyemwona mwepesi zaidi, au aliyemwogopa kidogo zaidi. Waislamu waliilinda Ngome ya Yesu, na Mkristu aliyelelewa na watawa aliwaua Wakristu. Dini ilikuwa joho; chini ya joho palikuwa na ushuru wa bandari.

Je, baada ya 1698 kisiwa kilikuwa huru? La hasha. Omani alikaa mahali pa Mreno, na baada ya muda watu wakaanza kulia. Mwaka 1728 Wareno wakarudi tena, wakipitia katika ugomvi wa watu wa pwani na Waomani. Lakini hawakuwa wamejifunza neno. Wakaonea kama zamani, na mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe wakawainukia, wakawafukuza. Baadaye Wamazrui waliutawala mji. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Zanzibar akautwaa. Mwaka 1895 Waingereza wakaja, wakaifanya ngome kuwa gereza. Na Desemba 1963 bendera ya Kenya ikapandishwa. Hesabu wewe mwenyewe ni wangapi waliojiita wakombozi wa kisiwa kimoja kidogo.

Na ile imani iliyoletwa kwa merikebu zenye mizinga? Ilitoka pamoja na mizinga. Iliwabidi wamisionari waanze upya katika karne ya 19. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakatoka huko kwenda mbele. Walianza karibu na sifuri. Chingulia aliua Wakristu mamia. Lakini makapiteni, kwa miaka mia na zaidi, waliua hamu ya watu ya kusikia Injili. Ni nani aliyelidhuru Kanisa zaidi?

Sasa turudi nyumbani, kama tulivyoahidi.

Wapenzi wasomaji, Mpala iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya milima yetu. Misheni ile wazee wetu waliiheshimu kama mlango wa imani. Lakini haikuanza kuwa misheni. Mwaka 1883 ilijengwa na askari Mbelgiji, Émile Storms, aliyetumwa na Chama cha Mfalme Leopold. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walipanda milimani, wakaivamia boma ya mtemi Lusinga, wakamwua. Kichwa chake kikakatwa. Storms aliporudi Ulaya alichukua fuvu lile, na baadaye fuvu hilo likawekwa katika makumbusho ya Ubelgiji. Mwaka 1885 Mpala ikatiwa mikononi mwa Mapadri Weupe.

Umeona? Kichwa cha Sultani Hasan kilikwenda Goa mwaka 1614. Kichwa cha Lusinga kilikwenda Brussels. Kati yao ni miaka 270, na mkono ni uleule.

Hatusemi kwamba Lusinga alikuwa malaika. Alikamata watu akawauza, na vijiji vingi vilimlilia Mungu juu yake. Wala hatusemi kwamba Mapadri walimkata kichwa, walifika baadaye. Kapiteni Joubert, aliyekuja mwaka 1887, akakaa kwetu mpaka kufa kwake mwaka 1927, alikilinda kizazi kizima na wakamata watumwa. Wajukuu wa waliookolewa wako kati yetu. Tunamheshimu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo twapaswa kunena wazi: mtu akiokolewa kwa bunduki kisha akapewa katekisimu na watu wa upande uleule, ni vigumu kwake kujua alichokipokea ni Injili au ulinzi. Iliwachukua wazee wetu miaka kuvitenga hivyo viwili. Aliyewasaidia zaidi hakuwa na bunduki. Ni Padri Stefano Kaoze, mtoto wa milima hii ya Marungu, aliyepewa upadri huko Baudouinville, ndiyo Kirungu yetu, mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi. Watu walipomwona altareni mtu wa damu yao, walijua kwamba imani haikuwa mali ya ngome.

Mwaka 2022 mjini Brussels sanamu ya Storms iliondolewa uwanjani. Ni vema. Lakini jiwe likiondolewa, bado mfupa wadai kaburi. Sisi twasema mafuvu ya namna hiyo yarudishwe yazikwe, hata kama mwenye fuvu alikuwa mwuzaji wa watu. Mkristu huzika wafu, hawaweki kabatini.

Hata hivyo tusidhani kwamba dhambi hii ni ya Wazungu peke yao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tumewaona wakombozi wa rangi yetu wenyewe. Mwezi wa Novemba 1984, na tena Juni 1985, waasi waliushambulia mji wa Moba kwa jina la ukombozi wa taifa. Na askari wa serikali waliporudi, raia ndio waliolipa. Mwezi wa Oktoba 2000 vita vilifika hapa hapa Pepa. Jeshi la serikali na wenzake walikuja kutukomboa mikononi mwa waasi na Wanyarwanda. Kisha waasi na Wanyarwanda wakarudi kutukomboa mikononi mwa serikali. Mwanzoni mwa Desemba Pweto ikaanguka, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Zambia, mama mzee na kitoto mgongoni. Katika wiki chache tulikombolewa mara mbili, na ng'ombe wakaisha zizini.

Mtu atatujibu: Ninyi mnahubiri unyonge. Mnataka aliyeonewa akae kimya. Hapana, ndugu. Kanisa halikusema hivyo. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, hakukana kwamba uko udhalimu wa wazi, wa muda mrefu, uharibuo haki za watu na mema ya nchi. Lakini alionya kwamba, ukiacha hali kama hiyo, maasi huzaa maonevu mapya. Na historia ya Mombasa ni shahidi wake. Haki ya Chingulia ilikuwa ya kweli: baba yake aliuawa kwa hila, ufalme wake ulidharauliwa, kisiwa chake kilifungwa. Hatuitoi haki hiyo. Twasema tu kwamba aliitupa mwenyewe siku alipomweka mtu asiye na silaha mbele ya mauti na kumwambia «Mkane Mungu wako». Tangu saa ile hakuwa tena analipiza kosa la kapiteni. Alikuwa amekuwa kapiteni.

Basi jibu letu ni lipi? Msaliti au mkombozi? Twajibu: Chingulia alikuwa mtu aliyeonewa, akawa mwonevu. Wakombozi wa kweli katika habari ile ni wale waliokufa bila kushika kisu, na Mwafrika Dom António pamoja nao. Maana wao peke yao walikuwa huru siku ile. Mfalme alitawaliwa na kisasi chake. Kapiteni alikuwa ametawaliwa na faida yake. Wale hawakutawaliwa na mtu.

Vijana wetu wa Pepa, wa Moba, wa Kalemie, neno hili ni lenu hasa. Atakuja mtu mwenye bunduki na maneno matamu, atataja ardhi ya babu zenu, atataja kabila lenu, labda atataja na jina la Mungu. Msimpigie makofi upesi. Mwulizeni maswali matatu. La kwanza: Utamtendea nini jirani yetu asiye na silaha, yule wa kabila jingine, Mtwa au Mluba au Mtabwa? La pili: Vita vikikugeukia, utakaa nasi, au utapanda merikebu kama Chingulia na kutuachia Seixas de Cabreira? La tatu: Ukishinda, nani atahesabu ushuru? Akishindwa kujibu hata moja, huyo si mkombozi. Ni kapiteni anayetafuta ngome.

Nasi wazazi, makatekista na wakubwa wa jumuiya, tuwafundishe watoto habari yote, si nusu. Tuwaambie juu ya mashahidi wa Mombasa, na katika pumzi ileile tuwaambie juu ya kichwa cha Sultani Hasan. Tuwaambie juu ya Mpala ya Mapadri, na juu ya fuvu la Lusinga. Mtoto aliyesikia yote hatashangazwa siku atakapoyasikia kwa maadui wa Kanisa, wala hataikimbia imani ati kwa sababu alifichwa. Anayefichwa ndiye anayekimbia.

Siku ya mateso yake Bwana Wetu alimwamuru Petro aurudishe upanga mahali pake, na hakuna jeshi lililokuja kumwokoa. Hakujenga ngome. Waliomwandikia ngome jina lake hawakumwuliza. Sisi tunaolichukua jina hilo tangu ubatizo, tulichukue namna alivyolichukua Dom António, mikono mitupu.

Ngome ya Yesu ingali imesimama Mombasa; sasa ni nyumba ya makumbusho, na wageni hulipa kiingilio kuitazama. Kanisa la Yesu halina kiingilio. Tusilijengee kuta.